Motokari Ikichemka, Kosa Ni la Nani?

Wasomaji wapenzi, nani kati yetu hajaiona motokari iliyosimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukipanda juu kama chungu cha maharagwe kilichosahauliwa jikoni? Ukisafiri kutoka Uvira kwenda Bukavu, ukaanza kupanda mlima wa Ngomo wakati wa jua kali, utaziona. Dereva ameketi juu ya jiwe. Vijana wametumwa na madumu kutafuta maji. Abiria wamekaa kivulini, na kila mmoja anayo hukumu yake. Wa kwanza asema: "Dereva hakutia maji." Wa pili asema: "Gari ni kuukuu." Wa tatu asema: "Fundi amemdanganya." Dereva hana la kujibu. Yeye ajua kwamba asubuhi alitia maji. Lakini nani atamsadiki, iwapo rejeta imekauka mbele ya macho ya watu wote?

Leo twataka kuliangalia jambo hilo kwa utaratibu. Vifaa vya kupoza injini vinapoharibika kabla ya wakati wake, hasara yake si ndogo. Pampu ya maji, gasketi, mpira, mfuniko wa rejeta: kila kimoja ni kitu cha bei ndogo ukikilinganisha na gari zima. Lakini kikifa kimoja, injini nzima yaweza kufa pamoja nacho, na jamaa iliyokuwa ikila kwa gari lile hubaki mikono mitupu. Tena iko hasara ya pili. Dereva wa mshahara hufukuzwa kazi kwa kosa ambalo labda si lake. Mtu mwaminifu huitwa mzembe. Kwa hiyo yafaa tuulize kwa haki: motokari ikichemka, kosa ni la nani?

KAZI YA MAJI NDANI YA INJINI

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto lake hupita joto la tanuru ya mhunzi. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya petroli ile, sehemu kama moja tu katika tatu hugeuka kuwa mwendo. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na nyingine hubaki ndani ya chuma. Joto hilo lisipoondolewa, vyuma hutanuka kupita kiasi, pistoni hukwama, na kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, hupinda au hupasuka.

Ndiyo sababu maji hutumwa kulichukua joto lile. Pampu huyasukuma yazunguke katika njia nyembamba zilizochimbwa ndani ya chuma. Iko temostati, nayo ni kama mlango mdogo: injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili injini ipate joto upesi, joto likifika digrii 80 au 90 hivi, mlango hufunguka. Hapo maji ya moto huenda katika rejeta, hupita katika mirija mingi myembamba, upepo na feni huyapoza, kisha hurudi kazini.

Mfuniko wa rejeta nao si kifuniko tu kama cha sufuria. Kazi yake ni kuyabana maji. Watoto wa shule wamejifunza kwamba maji huchemka katika digrii 100. Ni kweli, lakini ni kweli pwani. Bukavu, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka katika digrii 95 hivi, kwa maana huko juu uzito wa hewa umepungua. Nayo injini hufanya kazi katika joto linalokaribia hilo kila siku. Basi pasipo mfuniko mzuri, maji yangechemka hata gari likiwa zima. Mfuniko mzima huyabana hata yaweze kupita digrii 115 pasipo kuchemka. Mtu anayefunga rejeta yake kwa kitambaa na kamba ameitia injini hatarini, ijapokuwa anatia maji asubuhi na jioni.

Tena, maji matupu hayatoshi. Yafaa yachanganywe na ile dawa ambayo mafundi huiita kulanti. Wengi husema: "Hiyo ni dawa ya kuzuia barafu, nasi hatuna barafu." Wamesema nusu ya kweli. Dawa ile huzuia barafu huko Ulaya, lakini pia hukawiza maji kuchemka, nayo huzilinda alumini, chuma na risasi ya kuunganishia zisiliwe na kutu. Maji ya mtoni au ya kisima yenye chokaa huacha ukoko ndani ya rejeta, kama ule tunaouona ndani ya birika la chai. Mirija ikiziba kwa ukoko, maji hayapozwi tena.

Zamani sehemu kubwa ya vifaa hivi ilikuwa ya chuma, shaba na mpira. Siku hizi vingi ni vya plastiki, kwa kuwa plastiki ni nyepesi, yatengenezwa kwa urahisi, na bei yake ni nafuu. Plastiki njema hudumu miaka mingi. Lakini hupashwa moto na kupoa, hupashwa moto na kupoa, kila siku ya safari. Mwisho hukauka, huwa dhaifu, na hupasuka kama ganda la yai. Vilevile alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha kusubu. Vitu viwili visivyotanuka kwa kipimo kimoja vikifungwa pamoja, gasketi iliyo katikati yake hupata taabu. Mtengenezaji mwenye akili hulijua jambo hilo na kulipima mapema. Akikosea kulipima, mnunuzi ndiye atakayelipa.

YALIYOTOKEA AFRIKA YA KUSINI

Haya si maneno ya kubuni. Katika nchi ya Afrika ya Kusini kampuni ya Ford iliuza motokari iitwayo Kuga, yenye injini ya lita 1.6. Hazikuwa magari makuukuu. Lakini kuanzia mwaka 2015 zilianza kushika moto, moja mji huu, nyingine mji ule. Mwenyewe huona moshi ukitoka mbele, husimama, huruka nje, na baada ya dakika chache gari lake ni mabati meusi.

Mwanzoni kila mwenye gari alijua habari ya gari lake tu. Mtu aliye peke yake, akiambiwa kwamba yamkini hakulitunza gari lake, atajibu nini? Ushahidi wake umeteketea. Lakini baadaye walianza kutafutana. Walionyeshana picha, wakaandika tarehe, wakahesabu. Ndipo ilipoonekana kwamba habari zao zafanana kama mapacha: gari la aina moja, injini ya aina moja, moshi ukitoka mahali pamoja. Mtu mmoja aweza kuitwa mzembe. Je, watu makumi waliokaa mbali mbali, wasiojuana, wote wamekuwa wazembe kwa namna moja?

Mnamo Desemba 2015 mtu mmoja alifariki ndani ya Kuga iliyoteketea katika jimbo la Western Cape. Jamaa zake waliishitaki motokari ile. Kampuni ilikataa, ikasema kwamba moto ule haukuwa wa asili moja na ile mingine. Sisi hatuwezi kuhukumu shauri hilo. Lakini kilio cha jamaa ile kilisikika nchi nzima, na tangu hapo malalamiko hayakunyamazishwa tena.

Mnamo Desemba 2016 kampuni iliwaita wenye magari wayalete yakaguliwe. Tarehe 16 Januari 2017 ikatangaza kwamba inayarudisha gereji magari 4,556 ya aina ile. Wakati huo yalikuwa yamekwisha kuungua zaidi ya 30. Nayo sababu iliyotajwa ilikuwa nini? Wasomaji, sikilizeni vema: maji ya kupoza hayakuzunguka ipasavyo. Maji yalipopungua, silinda hedi ilipata joto kupita kiasi na kupasuka. Oili ikavuja katika ufa ule, ikaangukia chuma cha moto, ikawaka. Moto mkubwa ule ulianzia katika maji machache yaliyokosekana.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Huko Marekani injini ya aina ile ile ilikuwa imekwisha kulalamikiwa. Mwaka 2012, na tena mwaka 2013, Ford iliyarudisha gereji magari yake yaitwayo Escape yenye injini ya lita 1.6, kwa sababu ya joto la kupita kiasi na hatari ya moto. Kuga na Escape ni ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo wanunuzi wa Afrika ya Kusini walingoja mpaka mwanzo wa mwaka 2017. Mnamo Machi 2017 magari zaidi ya 200,000 yakaitwa tena huko Marekani. Dawa iliyotolewa ni rahisi mno: kutiwa kipimo cha kumwonya dereva kwamba maji ya kupoza yamepungua. Maana yake, kabla ya hapo dereva hakuwa na taa ya kumwambia kwamba maji yanakwisha.

Labda mtu atauliza: "Je, hakuwa na mshale wa joto mbele yake?" Mshale hupata habari kwa kidole kidogo kinacholala ndani ya maji. Maji yakiwa yamekwisha, kidole kile kimekaa katika hewa, nacho chaweza kusema kwamba mambo ni mema hali injini inaungua. Dereva aliyeuamini mshale wake hakutenda kosa.

Shauri lile lilikwenda mbele ya Tume ya Taifa ya Walaji ya Afrika ya Kusini, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya kuwalinda wanunuzi. Mwaka 2020 yalifikiwa mapatano: kampuni ilikubali kulipa faini ya randi milioni 35, na wenye magari 56 wakapewa nafasi ya kupokea randi 50,000 kila mmoja au kuendelea kudai hasara yao kwa njia nyingine. Miaka mitano ilipita tangu moto wa kwanza. Haki ilitembea polepole, lakini ilitembea, kwa sababu watu walishikana. Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

NANI ALIYEANZA?

Hata hivyo si kila shauri ni rahisi hivyo. Tuangalie jingine, la Marekani. Kuanzia magari yake ya mwaka 1996, kampuni ya General Motors ilitumia kulanti mpya ya rangi ya machungwa, jina lake Dex-Cool. Zamani watu walibadili maji ya rejeta kila miaka miwili au mitatu. Hii mpya ilitangazwa kuwa yaweza kudumu miaka 5 au maili 150,000, yaani kilometa 240,000 hivi. Nani asingefurahi?

Baada ya miaka michache malalamiko yakaanza. Wengine walisema kwamba gasketi za injini zao zimelainika na kuvujisha maji kabla ya wakati. Wengine walifungua rejeta wakakuta tope zito la rangi ya kutu mahali pa maji. Kampuni ilijibu kwamba wenye magari waliacha maji yapungue; hewa ikaingia, na hewa ikichanganyika na dawa ile na chuma, tope hufanyika. Wenye magari wakajibu: "Maji yalipungua kwa nini? Yalipungua kwa sababu gasketi zenu zilivuja!"

Waona, ndugu msomaji, ugumu wa shauri hili? Pande zote mbili zasema neno la kweli. Hewa na maji machache hufanya tope. Lakini ni nani aliyeanza? Ni mwenye gari aliyesahau, au ni gasketi iliyovuja pasipo yeye kujua? Jambo hilo haliwezi kuamuliwa kwa kuangalia gari moja. Laweza kuonekana tu kwa kuangalia magari mengi, ya watu wenye bidii na ya watu wavivu, na kuuliza: je, hata yale yaliyotunzwa vema yamevuja?

Mashitaka yalifunguliwa katika majimbo mbalimbali. Mwaka 2007 kampuni ilikubali mapatano, na mwaka 2008 baraza la hukumu huko California likayathibitisha. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kuwalipa wenye magari kati ya dola 50 na dola 800 kwa kila matengenezo, kwa kadiri ya shauri la kila mmoja. Sasa angalia jambo hili: mtu aliyetaka kulipwa ilimpasa kuonyesha karatasi za matengenezo yake. Aliyezitunza alipata fedha. Aliyezitupa alibaki na maneno. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KIFAA KIDOGO MAHALI PA GHARAMA KUBWA

Mfano wa tatu ni mfupi. Katika magari ya Nissan yaitwayo Pathfinder, Frontier na Xterra, yaliyouzwa Marekani kwa miaka 2005 hadi 2010, rejeta ilikuwa na kazi mbili. Ilipoza maji ya injini, na ndani yake mlikuwa na chumba kidogo cha kupoza oili ya gia za kujiendesha zenyewe. Kati ya maji na oili palikuwa na ukuta mwembamba. Ukuta huo ulipopasuka ndani, hakuna tone lililoanguka chini. Mwenye gari hakuona dalili yoyote sakafuni. Maji na oili vilichanganyika vikawa kama maziwa ya rangi ya waridi, na gia zikafa. Hivyo ufa wa rejeta ulileta gharama ya giaboksi nzima.

Mwaka 2010 kampuni iliongeza dhamana ya rejeta zile kuwa miaka 8 au maili 80,000, yaani kilometa 129,000 hivi. Baadaye, kwa sababu ya mashitaka ya wenye magari, ikaongezwa tena hata miaka 10 au maili 100,000, lakini katika sehemu hiyo ya mwisho mwenye gari alitakiwa kuchanga fedha nyingi mwenyewe. Dhamana zile zimekwisha muda wake siku nyingi. Somo lake halijaisha: thamani ya kifaa si bei yake dukani, bali ni kile kitakachoharibika pamoja nacho.

NA SISI JE?

Labda msomaji wa Kongo atasema: "Mambo hayo ni ya watu walionunua gari jipya na kupewa karatasi ya dhamana. Mimi nimenunua gari lililotumika miaka kumi na tano mahali pengine, likaja kwa meli mpaka Dar es Salaam au Mombasa, kisha kwa njia ndefu mpaka kwetu. Nitamlalamikia nani?"

Ni kweli. Gari likiwa limepita mikono mitatu, mtengenezaji hatakusikiliza. Lakini habari za malalamiko ya wengine zaweza kukusaidia kabla hujatoa fedha yako. Huko Marekani ofisi ya Serikali inayosimamia usalama wa motokari hupokea malalamiko ya wenye magari na kuyaweka wazi mbele ya watu wote. Kijana wako aliyesoma, mwenye simu ya intaneti, aweza kukutafutia aina ya gari na mwaka wake, akuambie ni kifaa gani kilichowaliza wenzako. Kama wengi wamelia kwa pampu ile ile, basi utaipima pampu ile kwanza. Kilio cha jirani kimekuwa taa yako.

Vilevile tusiwe watu wa kuwashitaki wengine tu. Sisi wenyewe tunayo makosa, tena si machache. Wako wanaotia maji ya mfereji wenye tope, na tope hukwaruza ngozi ya pampu mpaka ianze kuvuja. Wako wanaochanganya kulanti za aina mbalimbali, kijani na nyekundu, pasipo kuuliza kama zapatana. Wako mafundi wanaoitoa temostati na kuitupa, wakisema kwamba injini itakaa baridi. Injini isiyopata joto lake hula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Wako wanaoziba rejeta inayovuja kwa yai au kwa unga, nao unga ule huziba tundu moja na mirija kumi. Nao wako madereva wanaouona mshale umefika penye wekundu, wakajisemea: "Nyumbani si mbali, nitafika." Dakika zile chache ndizo zinazopinda silinda hedi. Mtu aliyetenda hayo asiseme kwamba kiwanda kimemdhulumu.

Basi haya ndiyo yafaayo kufanywa na kila mwenye gari, na kila dereva aliyekabidhiwa gari la mwingine.

Kwanza, angalia maji kila asubuhi injini ikiwa baridi. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa, yakifunguliwa, hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso. Wengi wamepata makovu, na wengine wamepoteza macho.

Pili, maji yakipungua mara kwa mara, usiridhike kuongeza tu. Maji hayapotei bure. Ama yavuja nje, ama yaingia ndani ya oili, ama yaungua ndani ya silinda. Angalia kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa chini yake, mwonyeshe fundi. Ukiona moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa imepata joto, mwonyeshe fundi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, mshale ukipanda au mvuke ukionekana, simama mahali salama, zima injini, ungoje ipoe kabisa. Usimwage maji ya baridi juu ya injini inayowaka joto, kwa maana chuma chaweza kupasuka.

Nne, kifaa kikibadilishwa, andika katika daftari: tarehe, kilometa, jina la kifaa, mahali kiliponunuliwa, bei yake na jina la fundi. Mwombe fundi akurudishie kifaa cha zamani ukione. Pampu iliyokufa baada ya miezi mitatu yaonyesha ama ni bandia, ama haikufungwa vema, ama maji yana uchafu. Pasipo daftari hutajua ni miezi mitatu au miaka miwili.

Tano, ukiwa na malalamiko, usiyapigie kelele barazani tu. Watafute wenzako wenye gari la namna ile, au walionunua kifaa katika duka lile lile. Linganisheni madaftari. Mkiona kwamba kosa ni moja, nendeni pamoja kwa mwenye duka, mkiwa na karatasi na vifaa vyenyewe mikononi, mkaseme kwa adabu. Mwenye duka mwaminifu atafurahi kuambiwa, kwa maana labda naye amedanganywa na aliyemuuzia. Asiye mwaminifu ataogopa watu kumi wenye karatasi kuliko mtu mmoja mwenye hasira.

Sita, neno kwa akina mama. Kulanti nyingi zina utamu, nazo ni sumu kali iuayo. Zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala karibu na vyakula. Dumu lililokuwa na kulanti lisitumiwe kuchotea maji ya kunywa. Nayo iliyomwagika uani ioshwe hima, kwa ajili ya watoto na wanyama wa nyumbani.

TUSIHUKUMU UPESI

Tumeuliza mwanzoni: kosa ni la nani? Sasa twaweza kujibu. Wakati mwingine ni la mwenye gari, wakati mwingine ni la fundi, wakati mwingine ni la mwenye duka aliyeuza kifaa bandia, na wakati mwingine ni la kiwanda kikubwa kilichoko ng'ambo ya bahari. Anayetaka kujua sharti aangalie, aulize, alinganishe. Wale wa Afrika ya Kusini hawakushinda kwa sababu walikuwa matajiri au wenye nguvu kuliko kampuni. Walishinda kwa sababu walisema yale waliyoyaona, wakayaandika, wakayaweka pamoja.

Kwa hiyo siku nyingine, wasomaji wapenzi, mtakapopanda Ngomo na kumwona dereva ameketi juu ya jiwe karibu na motokari inayofuka mvuke, msimcheke, wala msiseme upesi kwamba hakutia maji. Mpeni dumu lenu kama mnalo. Kisha mwulizeni maji yake yamepotelea wapi. Huenda yeye mwenyewe anatafuta jibu la swali hilo tangu asubuhi, na hakuna aliyemsikiliza.